Kunyanyua gari: siti inapanda, pedeli inabaki pale pale

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo nianzie huko. Chukua baiskeli yako, legeza nati ya chini ya siti, pandisha siti inchi nne, kaza, panda. Umekuwa mrefu ghafla, unawatazama wenzako kwa juu, na Ngamiani nzima inakuona ukipita. Sasa ingia kwenye kichochoro chenye mawe, upite penye lile jiwe lililogonga pedeli yako jana. Litaigonga tena, pale pale. Siti imekupandisha wewe, pedeli haina habari. Ukitaka pedeli ivuke jiwe, tafuta baiskeli yenye ringi kubwa.

Wengi wanaonyanyua magari hapa kwetu wanalipia siti wakidhani wananunua pedeli. Nasema hivyo bila kumcheka mtu, kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo, na gari langu nusura liniache kwenye kona za Amani. Nitafika huko. Kwanza tuingie uvunguni.

Gari lolote lina mafungu mawili. Fungu la kwanza linabebwa na springi: bodi, chasisi, injini, gia boksi, tangi la mafuta, abiria, na hayo magunia unayopakia. Fungu la pili halibebwi na springi, linakanyaga ardhi lenyewe: tairi, breki za kwenye tairi, na kwa magari yenye ekseli nzima kama Land Cruiser mkonga, ekseli yenyewe pamoja na difu, kile kibuyu cha chuma kinachoning'inia katikati. Springi zimekaa kati ya mafungu hayo mawili. Ukiweka springi ndefu au ngumu zaidi, unaongeza nafasi kati ya fungu la juu na fungu la chini. La juu linapanda. La chini linabaki lilipokuwa, kwa sababu lenyewe limesimama juu ya tairi, halikusimama juu ya springi.

Kwa hiyo difu ya mkonga haiinuki hata unene wa ukucha kwa springi mpya. Kinachoiinua ni tairi, na tairi nayo inainua kwa nusu ya kile ilichoongeza, maana nusu ya kipenyo iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Tufanye hesabu. Tairi ya 265/70 ya ringi 16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Tairi ya 285/75 ya ringi hiyo hiyo ina milimita 834. Tofauti ni milimita 57. Difu inapanda milimita 28, chini ya sentimita tatu. Hizo sentimita tatu ndizo utakazopata pale panapogonga. Mengine yote unayoyaona kwa macho ukisimama pembeni ya gari ni siti.

Basi springi za kunyanyua ni bure? Hapana. Zina kazi zake, ila lazima ujue njia yako inakugonga wapi.

Chukua barabara ya Muheza kwenda Amani baada ya masika. Magari yamechimba mistari miwili ya matairi, katikati pamebaki mgongo wa udongo na mawe. Tairi zako zikizama kwenye mistari ile, mgongo unakuja moja kwa moja kwenye difu. Hapo springi ndefu hazikusaidii kitu. Utasaidiwa na tairi kubwa, au na busara ya kupandisha tairi za upande mmoja juu ya mgongo na kuachana na ile mistari. Lakini nenda upande wa Handeni na Kilindi, ukutane na korongo lililokatwa na maji kuvuka barabara. Gari linashusha pua, linapanda pua. Kinachogonga ni bampa la mbele unapoingia, tumbo unapokuwa katikati, na mkia unapotoka: yaani eksozi, ndoano ya kuvutia, tairi la akiba lililofungwa chini. Vyote hivyo ni fungu la juu. Springi zikiinua sentimita tano, bampa linapanda sentimita tano na gari linaingia korongoni kwa pembe kali zaidi bila kugusa. Hapo unyanyuaji unalipa. Na ukienda Saadani wakati wa mvua, kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo, siti wala pedeli havitakuokoa. Hapo ni mambo ya upepo wa tairi, koleo, na kuwa na gari la pili.

Faida nyingine ya springi ndefu ni kutoa nafasi. Tairi kubwa inahitaji mahali pa kuzungukia, hasa usukani unapokatwa mpaka mwisho huku gari limeinamia upande mmoja. Kwa hiyo ukweli wake uko hivi: springi zinafungua mlango, tairi ndiyo inayoingia. Anayenyanyua springi akaacha tairi ile ile amefungua mlango hakuingiza mgeni.

Prado, Hilux na wenzao ni habari tofauti kidogo mbele. Kule hakuna ekseli nzima; difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, na kila tairi ina mikono yake inayopanda na kushuka peke yake. Ukiinua springi za mbele, difu inapanda pamoja na chasisi. Raha, sivyo? Ila ekseli fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi, ambazo zamani zilikuwa karibu kulala sawa, sasa zinateremka kwa pembe kali. Zile jointi mafundi wanazoziita sivijointi zinafanya kazi zimejikunja muda wote, mipira yake inasuguana mkunjo kwa mkunjo, inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Kwa magari hayo sentimita tano ndiyo mipaka ya watu wenye akili zao. Zaidi ya hapo unatakiwa uishushe difu yenyewe kwa vyuma maalumu ili pembe irudi, na hapo umeanza kurudisha chini kile ulichokipandisha. Na zile RAV4 na Escudo tunazoziona zimesimama kama mbuni, ukipita uvunguni mwake kwa macho tu utaona jinsi ekseli zake zinavyolia.

Sasa njia za kunyanyua.

Njia safi ni kubadilisha springi pamoja na shokapu, vilivyotengenezwa viende pamoja. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuzuia springi isicheze ngoma kila ikikanyagwa. Inageuza mchezo ule kuwa joto ndani ya mafuta yake. Ndiyo maana ukikimbia kwenye barabara ya vumbi yenye vimawimbi vya karibu karibu kwa muda mrefu, ukishuka ukagusa shokapu inakuunguza, na ikizidi mafuta yanatoa povu na gari linaanza kuelea. Mtu anayenyanyua springi akabakiza shokapu za zamani anafanya kosa la aina mbili. La kwanza, ni fupi: tairi ikining'inia shimoni, shokapu inavutika mpaka mwisho na ndiyo inayobeba uzito wa ekseli, mpaka siku ivunjike kichwa. La pili, zilipimwa kwa springi laini, sasa zimepewa springi ngumu. Na kinyume chake pia kipo: shokapu ndefu mno inafika mwisho wa kujikunja kabla ya ule mpira wa kuzuia ekseli isigonge chasisi, ikapokea kipigo ambacho si chake.

Njia ya mkato ya kwanza ni spesa, kile kipande cha duara kinachowekwa juu ya springi ya kuviringa. Kwa Prado na Hilux, spesa ya sentimita mbili na nusu iliyowekwa juu ya shokapu ya mbele inainua gari karibu maradufu ya unene wake, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono, haikufungwa kwenye ncha. Watu wanauziwa ya sentimita tano wakidhani watapata sentimita tano. Wanapata gari linalotazama angani.

Ya pili ni kurefusha sheko, vile vyuma viwili vinavyoshika mkia wa springi ya bapa. Hapa hesabu inageuka: sheko ikirefushwa sentimita kumi, gari linainuka tano tu, maana ncha moja ya springi ndiyo iliyoshuka na ekseli iko katikati. Sheko ndefu pia inacheza pembeni kama mlango uliolegea bawaba, na inaipindua ekseli ikabadilisha pembe ya difu.

Ya tatu ni magogo ya chuma kati ya ekseli na springi. Ya nne ni kuongeza jani, yaani bamba moja zaidi kwenye springi ya bapa, mara nyingi lililotolewa kwenye springi chakavu ya Fuso au Canter. Hii ya jani ndiyo inayopendwa kwetu, na sitaidharau: kwa gari la kubeba mzigo kila siku inafanya kazi. Lakini gari likiwa tupu, jani la lori halijui kama kuna gari juu yake. Unaendesha kitanda cha kamba kilichokazwa na fundi mwenye hasira. Na njia ya tano, ya kuweka vipande vya mpira au nailoni kati ya bodi na chasisi, naitaja tu ili nisiulizwe: inainua bodi peke yake, chasisi, injini na tangi vinabaki vilipokuwa.

Mimi nilichanganya ya kwanza, ya pili na ya tatu. Gari ni mkonga, ile ndefu yenye springi za kuviringa mbele na za bapa nyuma, kama zilivyotoka kiwandani tangu 1999, injini ya 1HZ isiyo na tabo. Kazi yake ni kushusha viungo kutoka Usambara Mashariki: iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu ukifika msimu. Niliona nyuma kumelala, nikaenda gereji moja (jina lake halina faida hapa), kijana akanifungia magogo ya sentimita tano na sheko ndefu nyuma, spesa mbele. Saa nne asubuhi mpaka adhuhuri, kazi imekwisha. Lilikuwa zuri kulitazama, siwezi kusema uongo. Nililiegesha Raskazone jioni ile nikajifanya nanunua mihogo ya kuchoma.

Wiki ya pili nikashuka nalo kutoka Amani na mzigo. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, na njia ya kushukia Sigi ni kona juu ya kona, zingine kali kiasi kwamba unaona mkia wa gari lako kwenye kioo kabla hujamaliza kukata. Nikawa natumia gia ya pili na breki kidogo kidogo. Kwenye kona ya tano au ya sita nikasikia harufu, ile ya breki zinazoungua, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kona iliyofuata pedeli ikazama zaidi. Iliyofuata, zaidi. Nikaweka gia ya kwanza, injini ikapiga kelele, nikaegemeza tairi la kushoto kwenye kingo ya udongo, gari likasimama. Tairi za mbele zilikuwa zinatoa moshi mwembamba. Nikagusa ringi za nyuma. Baridi. Zilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

Tairi za nyuma hazikuwa zimefunga breki hata kidogo, na mzigo wote ulikuwa juu yake.

Nilipumzika saa nzima, nikashuka kwa gia ya kwanza mpaka chini, na siku ya pili nikampelekea fundi mmoja mzee wa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari umelivisha mchuchumio?"

Hakusubiri jibu. Alilala juu ya boksi, akaingia uvunguni, akakaa kimya muda, kisha akaniita nami nilale pembeni yake. Akanionyesha kwa bisibisi kidude kilichofungwa kwenye chasisi karibu na difu ya nyuma, chenye fimbo nyembamba iliyoshuka mpaka kwenye ekseli.

"Hiki unakijua?"

Sikukijua. Nadhani wenye mikonga wengi hatukijui, na ndicho kitu ninachotamani kila anayenyanyua gari akionyeshwe kabla hajatoa hela.

Ni valvu ya kugawa breki. Gari linapofunga breki, uzito unakimbilia mbele. Nyuma kunakuwa kwepesi. Nyuma ikipewa nguvu sawa na mbele, tairi za nyuma zitafunga kabisa, mkia utateleza na gari litageuka. Kwa hiyo mafuta ya breki yanayokwenda nyuma yanapunguzwa. Lakini gari la mzigo lina tabu yake: likiwa tupu nyuma ni kwepesi sana, likiwa limejaa nyuma ni kuzito na kunahitaji breki haswa. Valvu ile inajuaje? Inajua kwa ile fimbo. Mzigo ukipanda, chasisi inashuka kuisogelea ekseli, fimbo inasukuma, valvu inafunguka, breki za nyuma zinapata nguvu. Mzigo ukishuka, chasisi inapanda mbali na ekseli, fimbo inalegea, valvu inabana. Ni mizani isiyo na umeme wala kompyuta. Haijui kilo, inajua umbali kati ya chasisi na ekseli.

Mimi nilikuwa nimeuongeza umbali ule kwa karibu sentimita kumi. Kwa fimbo ile, gari langu lilikuwa tupu daima, tupu kuliko lilivyowahi kuwa tangu litoke Japani. Hata niweke gunia ngapi za iliki, halikushuka kufikia pale ambapo fimbo ingesema, "haya, sasa kuna mzigo." Tairi za mbele zikashusha tani mbili na ushee za chuma pamoja na mzigo peke yake.

Tiba yake ni kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja. Unashusha kiti cha valvu kwenye chasisi, au unarefusha ncha ya fimbo kwenye ekseli, kwa kipimo kile kile ulichonyanyua. Kazi ya nusu saa. Magari mapya yenye kompyuta ya kugawa breki mengi hayana fimbo hii, lakini mikonga, Hilux na Prado za umri wa kati zinazotembea mkoani kwetu nyingi zinayo. Chungulia.

Ami alikuwa hajamaliza. Akaniambia niendeshe hadi Chumbageni na kurudi, niachie usukani kidogo nikitoka kwenye kona. Usukani haukurudi. Ulibaki pale nilipouacha, kama mtoto aliyenuna.

Turudi kwenye baiskeli. Mtoto wa Tanga anajua kuendesha huku ameachia mikono. Anawezaje? Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo, kichwa chake kimerudi nyuma. Ndiyo maana mstari wa uma ukiuendeleza mpaka chini unagusa ardhi mbele ya pale tairi inapokanyaga. Tairi inakuwa inavutwa kufuata, kama mkia unavyomfuata mbuzi, na kila ikipinda inarudishwa. Magari yana ulalo huo huo kwenye tairi za mbele, wa digrii chache tu. Mafundi wa alaimenti wanauita kasta. Kwenye mkonga wa springi za kuviringa, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasisi. Chasisi ikipanda, mikono inateremka kwa pembe, na ekseli inajizungusha nayo kidogo. Kujizungusha huko kunakula kasta. Sentimita tano za kunyanyua zinaweza kula digrii mbili au tatu, na kwa kuwa zilikuwa chache tangu mwanzo, usukani unakuwa mwepesi, hautulii, gari linatangatanga barabarani, na basi la Arusha likikupita linakuvuta nalo.

Alaimenti ya kawaida haitarekebisha hilo kwenye ekseli nzima, maana hakuna nati ya kuzungusha. Tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi za mbele, inarekebisha tairi kutazamana tu. Inabidi bushi za mikono zibadilishwe kwa zile zenye tundu lililosogezwa pembeni, au vyuma vya kushikia mikono vibadilishwe. Kwenye Prado na Hilux kuna nafasi ya kurekebisha kwenye boliti za mikono ya chini, lakini ukipita sentimita tano nafasi inaisha na unahitaji mikono ya juu mipya.

Mengine niyapitie haraka. Fimbo ndefu inayozuia ekseli ya mbele isiende kushoto na kulia, ikishuka kwa pembe inaivuta ekseli pembeni kidogo. Utaona tairi la upande mmoja limetokeza kuliko la pili. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, ikishuka kwa pembe kali inatetema kwenye mwendo fulani na kula krosi, zile jointi za ncha zake. Mipira ya breki inakuwa mifupi. Njia ya kuyaona yote haya kwa pamoja ni rahisi: piga jeki kwenye chasisi, siyo kwenye ekseli, mpaka tairi zining'inie kabisa, weka mihimili, kisha uingie na tochi. Mpira wa breki uliovutika kama kamba ya nguo utauona. Kisha fanya kinyume: pandisha tairi moja juu ya kitu, kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, usikilize tairi inasugua wapi. Na yale mayuboliti yanayofunga springi kwenye ekseli yasirudishwe ya zamani. Yakishavutika mara moja hayakazi vizuri tena, na hata mapya yakazwe upya baada ya kilomita mia tano hivi.

Kuna jambo moja dogo watu wa kuvuka mito wanalisahau. Difu ina kijibomba cha kupumulia. Ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inajikunja na difu inavuta pumzi. Kama mdomo wa kijibomba uko chini ya maji, inavuta maji. Gari likinyanyuliwa, dereva anathubutu maji ya kina zaidi, na difu iko pale pale. Mkonga wa injini, ule mrija wake wa hewa, unapumua juu ya kioo, difu inapumua majini. Refusha kijibomba mpaka juu, ni mpira wa bei ya chai na mkate.

Kuhusu kupinduka, sitatisha mtu, ila tuweke hesabu. Tuseme tairi zako ziko mbali sentimita 150, kushoto na kulia, na kiini cha uzito wa gari kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Gawanya 150 kwa mara mbili ya 75: unapata 1. Maana yake, gari hilo likiwa gumu kama kabati lingesimama kwenye mlalo mpaka digrii 45 kabla ya kuanguka. Kiini kikipanda sentimita 8, unapata 0.9, yaani digrii 42. Zimepungua tatu tu, utasema. Lakini gari si kabati. Linalalia springi zake kwenye kona, na carrier ya juu ikiwa na magunia mawili na tairi la akiba, zile digrii zinaondoka kwa kasi zaidi ya hapo. Kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto, lami safi, ndiko mtu anakojisahau.

Na tairi kubwa zina kodi zake. Zile za 834 badala ya 777 zinazidi kwa asilimia saba. Mita ya spidi haijui: inasema 50, wewe uko 53 na ushee, na askari mwenye tochi pale kijijini anajua kuliko mita yako. Kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia hizo hizo, na injini isiyo na tabo inakwambia kilimani. Breki nazo zinazuia gurudumu kubwa kwa mkono ule ule mfupi.

Nilimuuliza ami angefanya nini yeye. Hakujibu, alitoa futi ya fundi cherehani kwenye mfuko wa shati. Akapima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, akaandika kwa chaki kwenye kioo. Akaniambia niondoe magogo na sheko, akapima tena gari likiwa tupu. Kisha akavuta kutoka ndani ya duka lake springi mpya ya kawaida ya gari kama langu, isiyo ya kunyanyua, akaisimamisha kando ya springi yangu iliyotolewa. Yangu ilikuwa imenyooka karibu kama rula. Mpya ilikuwa na tumbo.

Miaka zaidi ya ishirini ya magunia ilikuwa imelikalisha gari langu kwa karibu sentimita nne. Nilichokuwa nikikitafuta kwa magogo ni kile kilichopotea. Kama gari lako ni la umri huo, pima kabla ya kununua chochote, ukiwa tupu na ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Vipimo hivyo viwili ndivyo muuzaji wa springi anatakiwa akuulize. Springi ya kunyanyua inauzwa kwa uzito itakaoubeba daima. Anayesafiri na familia mara moja kwa mwezi akachukua ya mzigo mzito atatikisika hadi meno, na mwenye mzigo akachukua ya familia atakuwa amelala tena baada ya masika mawili. Muuzaji asiyeuliza unabeba nini anauza chuma tu.

Mwisho nilifunga springi mpya nyuma zenye jani moja la kiwandani zaidi, springi za mbele zinazolingana nazo, shokapu nne za urefu wake, na tairi za 7.50 ringi 16 mpya zenye meno. Gari limepanda sentimita nne kuliko lilivyokuwa limelala, yaani limerudi nyumbani. Fimbo ya valvu imepimwa gari likiwa na mzigo. Difu bado inagusa mgongo wa barabara mahali pamoja baada ya Kisiwani, na pale napandisha tairi za kushoto juu ya mgongo, kama tulivyokuwa tukifanya siku zote.

Magogo mawili ya chuma ninayo bado. Nikiegesha Amani sokoni, pale penye mteremko, naweka moja nyuma ya kila tairi la nyuma.